Kiko Kilichooshwa kwa Sabuni

Watu huandika uhakiki wa kitabu, wa wimbo, wa sinema. Mimi nahakiki meza. Ilikuwa meza ndefu ya mbao, imefunikwa kitambaa cheupe, imewekwa ukumbini hapa Nyarugusu tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, na juu yake vimepangwa viko 14 vya kuvutia tumbaku. Kila kiko na kadi yake. Watu walipita, wakapiga picha, wakasema vizuri sana, wakaenda kuangalia ngoma nje. Hakuna aliyeandika lolote juu ya meza ile, na naona si haki, kwa sababu maonyesho nayo ni maandishi. Yanasema kitu. Kilichosemwa pale mimi sikukikubali.

Niseme mapema, asije mtu akasema huyu ana lake jambo: ninalo. Viko 7 kati ya vile 14 vilitoka kwangu. Kimoja kingine kilitoka kwa koko jirani yangu, mama wa Kibembe kutoka upande wa Fizi, ambaye waandaaji walimfuata wenyewe nyumbani na kumwomba. Alikitoa kwa moyo mzuri. Kilirudi baada ya siku nne kimeoshwa kwa maji na sabuni, kinang'aa, kinanukia kama shati la Jumapili. Kile kiko kilikuwa cha marehemu mume wake. Kilivuka ziwa pamoja nao.

Nitafika huko. Kwanza nieleze nimejuaje mambo haya.

Huu ni mwaka wa tisa ninakusanya viko. Sikuanza kwa mpango. Mzee mmoja wa zoni yetu alipata safari ya Marekani, watoto wakamwambia, baba, huko hawavuti ndani ya nyumba, na ndege nzima itatunukia sisi. Akaniletea kiko chake kimefungwa kwenye gazeti. Akasema, "Weka. Nikirudi utanipa." Sote wawili tulijua harudi. Akaja mwingine aliyeambiwa na daktari aache. Akaja mjane mmoja. Wengine huniuzia kwa bei ya kilo ya unga, wengine hukataa hela. Leo ninavyo 23 ndani ya sanduku la bati, na ndani ya kila kimoja nimeweka kikaratasi: jina la mwenyewe, kijiji alikotoka, mwaka alioniachia. Vitatu navivuta mimi mwenyewe kwa zamu, kimoja kwa siku, kwa sababu kiko cha mti kinataka kupumzika kikauke kabla hakijawashwa tena. Navuta jioni, nje, mbali na nyumba. Anayeishi chini ya turubai na nyasi haelezwi kwa nini.

Na nyinyi ndugu zetu wa afya mnaosoma hapa, sitetei moshi. Tumbaku ya kiko inaleta saratani ya mdomo na ya koo kama ile ya sigara, hata asiyevuta mpaka ndani ya mapafu haponi. Nimezika watu. Lakini mada yangu leo si moshi, ni kile chombo, na jinsi ya kukitazama.

Kiswahili kimekitazama chombo hiki vizuri kuliko zile kadi za ukumbini. Zamani pwani, watu walipokuwa wakivuta kwa maji, kila sehemu ilikuwa na jina. Mahali pa kuweka tumbaku na moto ni bora. Mwanzi unaoshuka kutoka kwenye bora hadi kwenye maji ni digali. Kile chombo cha maji, mara nyingi kibuyu au kifuu, ndicho kiko chenyewe. Mwanzi unaokwenda mdomoni ni shilamu. Na ile sauti ya maji yanapotokota mtu akivuta inaitwa malio ya kiko. Maneno haya yamo katika kitabu cha Askofu Edward Steere wa Unguja cha mwaka 1870, yaani watu waliyatumia kabla hata ya mabibi wa mabibi zetu. Lugha iliyotenga jina kwa sauti ya maji ndani ya kibuyu ni lugha ya watu waliokuwa wakisikiliza. Warundi nao wanasema inkono y'itabi, chungu cha tumbaku, na ukishasikia hilo huwezi tena kusahau kwamba kiko ni ndugu wa sufuria: kuna moto, kuna chakula chake, kuna anayepika.

Sasa turudi mezani, kimoja kimoja, ingawa si vyote 14 nitakavyosema. Vitano au sita vilikuwa vya kawaida tu, hata vyangu viwili nisingeviweka mbele za watu.

Kile cha maji kilikuwa cha tatu kutoka kushoto. Kibuyu chembamba cha shingo ndefu, bora la udongo lililopachikwa kwa nta, na pale nta ilipoacha nafasi mtu ameziba kwa kitambaa. Ukubwa wake ni wa kukaa kwenye paja, shingo imepinda kidogo upande wa kulia kwa sababu ndivyo kibuyu kilivyoota, na aliyekichonga akaamua kuufuata ule mpindo, asiushinde. Hapo ndipo naona ufundi. Lakini kilikaa mezani kikavu. Kiko cha maji bila maji ni bubu. Kikombe kimoja tu cha maji kingetosha, na mtoto angeruhusiwa kuvuta hewa tupu, bila tumbaku, asikie malio. Wangekumbuka kuliko hotuba zote za siku ile.

Kile cha udongo kutoka kwa ndugu zetu Warundi kilikuwa kidogo, cheusi, unene wa bora si zaidi ya ganda la karanga, shilamu ya mwanzi. Mwenyewe, mama mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini, alicheka aliposikia kwamba vimeoshwa. Cha udongo hakiumii. Kikichafuka mno unakitia kwenye makaa, uchafu wote unaungua, kesho kinaanza upya kama mtoto. Alisema, "Wangeniuliza, ningewafundisha." Sentensi hiyo ingefaa kuandikwa kwenye mlango wa ukumbi.

Kile cha gunzi ndicho nilichokipenda kuliko watu wengi. Kijana mmoja wa hapa hapa, aliyezaliwa kambini, hajawahi kuiona Congo, alikata gunzi la hindi, akalitoboa, akalichoma kwa msumari wa moto, akatia shilamu ya ganda la kalamu. Kosa liko kwenye kalamu: plastiki na moto havipatani, na harufu yake ni mbaya. Bora lake lakini ni safi kabisa. Waandaaji walikiweka mwisho wa meza, karibu na ukuta, kadi ikasema ni kazi ya ubunifu wa vijana kutokana na takataka. Takataka! Mjini Washington, si ule wa Rais bali ule wa jimbo la Missouri, kuna kiwanda kinachotengeneza viko vya gunzi tangu mwaka 1869, na Jenerali Douglas MacArthur alipopigwa picha wakati wa Vita vya Pili, mdomoni mwake kilikuwa kiko cha gunzi. Kijana wetu hakujua hayo. Aliangalia gunzi akaona bora. Watu wa Missouri waliangalia gunzi wakaona hivyo hivyo. Kwao kinaitwa bidhaa, kwetu takataka.

Katikati ya meza, juu ya kiboksi kidogo kilichovikwa kitambaa ili kiinuke, kilikaa kiko cha mzungu. Nacho ni changu. Alinipa mzee ambaye baba yake alikuwa mpishi kwa Mbelgiji mmoja, na mwaka 1960 yule Mbelgiji alipoondoka haraka haraka, kiko kikabaki juu ya kabati. Kimepigwa chapa Saint-Claude. Saint-Claude ni mji wa Ufaransa kwenye milima ya Jura, na kuanzia miaka ya 1850 ndio mji wa viko duniani. Mti wake unaitwa kwa kitaalamu Erica arborea. Hawatumii shina wala tawi, wanatumia ule uvimbe ulio kati ya shina na mizizi, chini ya ardhi, kwa sababu ni mgumu, hauungui kirahisi na unanyonya unyevu. Ni kiko kizuri, sikatai. Kinakaa mkononi kama yai. Ila hapa naomba msomaji aniruhusu nicheke kidogo: mti huo huo wa Erica arborea unaota pia juu Ruwenzori, mpakani mwa Congo na Uganda. Kadi ilisema ni mti wa Ulaya.

Na sasa nimefika kwenye kadi, ambazo ndizo hasa zilizonifanya nishike kalamu.

Kadi ya kiko cha Saint-Claude ilikuwa na mistari mitano: mji, nchi, aina ya mti, miaka inayokadiriwa, na kwamba kilikuwa mali ya afisa wa kikoloni. Kadi ya kiko cha koko ilikuwa na mstari mmoja: "Kiko cha kienyeji, kabila la Wabembe." Cha Murundi: "Kiko cha kienyeji, Burundi." Cha maji: "Kiko cha kienyeji." Basi. Soma tena uone kazi inayofanywa na neno moja. Kiko cha Ufaransa kina mji, vyetu vina kabila. Cha Mbelgiji kilikuwa na mwenyewe, hata kama hawakujua jina lake walijua cheo chake, lakini cha koko hakikuwa na mtu, kilikuwa na Wabembe wote kwa pamoja, kana kwamba sisi sote tulikaa kwenye foleni tukakivuta kwa zamu. Na wala haikuwa kwa kukosa habari. Vikaratasi vyangu vilikuwemo ndani ya mabora. Mtu alivitoa, akaviweka kwenye bahasha, bahasha akanirudishia kwa heshima zote.

Niliwaeleza, na waliniambia ni kwa ajili ya ulinzi wa taarifa za watu. Hiyo hoja naielewa, na kwa wengine wetu jina kwenye kadi ni hatari kweli. Hata mimi hapa sikuandika jina la mtu. Lakini kuficha jina si sawa na kufuta mtu. Unaweza kuandika: kiko cha fundi seremala, alikivuta miaka thelathini, kushoto mwa shilamu kuna alama za meno kwa sababu upande wa kulia hakuwa nayo. Hilo halimtaji mtu yeyote, na linamwonyesha mtu mzima.

Maana hivyo ndivyo kiko cha koko kilivyokuwa. Bora la mti, kubwa kiasi cha ngumi ya mtoto, limechongwa bila mapambo isipokuwa mstari mmoja unaozunguka karibu na mdomo. Ukingo umeungua upande wa mbele, pale alipokuwa akiegemeza kaa la moto kila siku kwa miaka. Shilamu imefungwa waya wa shaba mahali ilipopasuka. Na ndani ya bora, tabaka la masizi gumu, jeusi, lililojengwa pumzi kwa pumzi. Wavutaji wa viko duniani kote wanalijua tabaka hilo. Wanalitunza, wanalikwangua kidogo likizidi unene wa sarafu ili bora lisipasuke, lakini hawalitoi lote, kwa sababu ndilo linaloukinga mti usiungue na ndilo linaloupa moshi ladha yake. Kiko kipya kinauma ulimi. Kiko cha zamani kimeshakubaliana na mwenyewe.

Koko hakuwa anakivuta kila siku. Jumapili jioni tu, baada ya ibada, nusu bora. Ukimuuliza anasema anakaa na bwana wake. Sikuona haja ya kumwuliza zaidi.

Kiliporudi alikishika, akakigeuza, akakinusa. Akasema, "Hii haiko yangu. Muliniletea ya nani?" Nikamwonyesha waya wa shaba. Nikamwonyesha ukingo ulioungua. Akaangalia ndani ya bora, kweupe, mti mtupu. "Waya iko yake," akasema. "Lakini yeye mwenyewe munaniambia ako wapi?"

Aliyekiosha hakuwa na ubaya wowote, nataka hilo lieleweke. Aliona kitu kichafu, wageni wanakuja, akafanya kile ambacho mtu mwenye adabu hufanya kwa vyombo vichafu. Kasoro ni ya jicho, na jicho hilo lilifundishwa. Lilifundishwa kwamba kitu kikiingia kwenye maonyesho lazima kiache kutumika. Kwamba uzuri unaanza pale ambapo mtu amesharudi nyumbani kwake. Hata kati ya wakusanyaji wa viko huko Ulaya na Marekani wapo wanaolipa zaidi kwa kiko ambacho hakijawahi kuwashwa. Kwangu mimi hicho ni kitabu ambacho kurasa zake hazijafunuliwa. Kinaweza kuwa na jalada zuri sana.

Kuna mchoro mmoja ambao wafanyakazi wengi wa mashirika wanaujua, na siku ile ukumbini wawili walinitajia kwa kicheko. Ni wa Mbelgiji René Magritte, wa mwaka 1929, uko kwenye jumba la sanaa la Los Angeles. Amechora kiko, kikubwa, cha kahawia, na chini yake akaandika kwa Kifaransa kwamba hiki si kiko. Jina la mchoro ni Usaliti wa Picha. Watu wanaona ni fumbo, lakini kwa mvuta kiko si fumbo hata kidogo: huwezi kukijaza tumbaku, basi si kiko, ni picha. Magritte mwenyewe aliueleza hivyo hivyo. Ni hoja sahihi, na mchoro ni mzuri kwa jinsi ulivyo mkavu, kama bango la duka. Nimeutazama sana kwenye simu. Kitu ninachokiona kila mara ni kwamba kile kiko kimechorwa kipya. Hakuna masizi ukingoni, hakuna meno kwenye shilamu, hakuna mkono. Magritte aliweza kukana kiko kwa sababu hakikuwa cha mtu.

Na tusiende mbali na mwaka ule. Mwaka 1929 Congo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Pale Tervuren, karibu na Brussels, jumba la makumbusho ya Congo lilikuwa limeshafunguliwa katika jengo lake kubwa tangu 1910, limejaa vinyago, ngoma, mikuki, na viko pia, kila kimoja na kadi ya kabila. Mahali hapo hapo, katika maonyesho ya mwaka 1897, waliletwa Wakongomani 267 wakaonyeshwa kama vitu, saba wakafa na kuzikwa huko. Jumba lilifungwa 2013, likafunguliwa tena Desemba 2018 baada ya kufanyiwa matengenezo makubwa na kuahidi kusimulia upya. Kwa hiyo wakati mchoraji anawaambia Wazungu kwamba picha ya kiko si kiko, katika nchi yake mwenyewe vilikuwepo viko vya kweli nyuma ya vioo, na hivyo navyo, kwa hoja yake mwenyewe, vilikuwa vimeshaacha kuwa viko. Hakuna wa kuvijaza.

Wakuba wa Kasai ndio mabingwa wa viko katika nchi yetu, sisi wa mashariki tukubali tu. Walichonga mabora yenye uso wa mtu, nywele zimepangwa mstari kwa mstari, na shilamu zilizofunikwa michoro ile ile unayoiona kwenye vitambaa vyao vya rafia. Simulizi zao zinasema mfalme Shyaam ndiye aliyewaletea tumbaku kutoka safari zake za magharibi, katika karne ya 17, na hiyo inalingana na historia, kwa sababu tumbaku ni mmea wa Amerika uliofika kwetu kwa njia ya Wareno. Kati ya 1907 na 1909 Emil Torday, Mhungari, alipita kwao akikusanya vitu kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza. Tunajua jina la Torday. Tunajua miaka aliyopita. Wavutaji wenyewe tunawajua kama "Wakuba". Kadi yetu ya ukumbini haikubuniwa Nyarugusu. Ina umri zaidi ya miaka mia, imesafiri, imefika kwetu kwenye kompyuta ya mtu mwenye nia njema.

Mtu atasema ndivyo makumbusho yalivyo, vitu lazima visafishwe vidumu. Si kweli. Kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington ile ya Rais, kuna kiko cha Albert Einstein. Ni kiko cha kawaida cha mti. Kilichofanya watu wakipende ni kwamba ncha ya shilamu imeliwa na meno mpaka ikatoboka, kwa sababu alipoambiwa na madaktari aache kuvuta aliendelea kukishika na kukitafuna. Hakuna aliyethubutu kuibadilisha shilamu hiyo. Hakuna aliyesema tumpe Einstein ncha mpya, wageni wanakuja. Meno yake yanatunzwa kwa sababu ni meno ya Einstein. Mimi nauliza tu, kwa upole, meno ya seremala wa Fizi yana upungufu gani.

Najua kuna atakayesoma hapa akasema huyu jamaa, watu wanalalamikia mgao na wengine wanangoja jibu la safari mwaka wa kumi, yeye analia kwa sababu ya masizi. Nimelifikiria hilo. Lakini sisi tunaohesabiwa kila mara, wenye namba za familia na alama za vidole kwenye mashine, tunajua vizuri zaidi kuliko wengine tofauti ya kuandikwa na kujulikana. Kadi ya mgao inasema watu sita. Haisemi nani hapendi maharage. Kwenye mgao tunavumilia, kazi ya kadi ile ni unga. Kadi ya maonyesho haigawi unga. Kazi yake pekee ni kusema huyu ni nani, na ikishindwa hiyo haijabaki na kazi nyingine.

Yapo waliyoyafanya vizuri, niyaseme. Waliviweka viko vya Wakongomani na vya Warundi kwenye meza moja, bila kutenganisha kambi kwa kambi kama tulivyozoea, na wazee wa pande mbili wakasimama pale wakibishana kuhusu tumbaku ya kusokota na ya kutwanga kwa muda wa saa nzima. Mwanga ulikuwa mzuri, wa dirishani. Kitambaa cheupe nacho sikipingi, udongo mweusi uling'aa juu yake. Na waliuliza kama mwakani tutaweza kurudia.

Tutaweza. Nimeshawajibu, nikawaandikia masharti ambayo nilikaa na wenye viko tukayapanga. Kiko kisioshwe wala kisipakwe mafuta, vumbi lipanguswe kwa kitambaa kikavu na mwenyewe. Cha maji kiwekwe maji. Kadi iandikwe kwa Kiswahili kwanza na iandikwe na mwenye kiko, au kijana wake akiwa yeye hajui kuandika, ikiwa na jina au bila jina kadiri atakavyoona salama. Cha gunzi kiwekwe katikati mwaka huo, na kile cha Saint-Claude kikae mwisho karibu na ukuta, si kwa kisasi, ni zamu tu. Kijana ameshaiacha kalamu, sasa anatumia mwanzi, na amenitengenezea kimoja ambacho mpaka leo hakijapasuka.

Koko hajaamua kama atakitoa tena. Mti uliponywa maji uliumuka, ulipokauka ukatoa ufa mdogo upande wa nyuma, wa urefu wa kucha. Nimemwambia unaweza kuzibwa kwa jivu laini na asali, na kwamba kiko kinaanza kufundishwa moto tangu mwanzo kama kipya: theluthi ya bora kwanza, polepole, bila kuvuta kwa nguvu, wiki kadhaa, halafu nusu, mpaka masizi yaanze kushika. Amesema anajua, alimwona bwana wake akifanya hivyo mwaka waliooana. Jumapili hii ataanza na theluthi.